Mbwa wa Guku, Mbwa wa Kuku

Sungusungu amekufa Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani, na kabla ya jioni Kabula alikuwa ameshamweka kwenye stetasi. Picha yenyewe ni ya zamani, ya kipindi kile cha mafuriko. Kabula amechuchumaa kwenye baraza ya darasa, amemkumbatia mbwa shingoni, anacheka meno yote nje. Mbwa hana habari naye. Anaangalia pembeni, nje ya picha, masikio yamesimama. Chini yake Kabula ameandika: "Pumzika, mbwa wangu." Halafu mioyo iliyopasuka, mingi tu.

Wangu!

Nilikaa jikoni na simu ya mama mpaka kioo kikazima chenyewe. Mimi si mtu wa maneno. Darasani mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, najibu moyoni, halafu mwenzangu ananyoosha mkono, anajibu kwa sauti, anapigiwa makofi. Nimeshazoea. Lakini hili la mbwa limenikaa kooni, na kwa kuwa kumpigia simu siwezi, acha niandike.

Kwetu Usukumani babu ni guku. Hata sisi watoto wa Bariadi mjini, tunaoongea Kiswahili kutwa nzima, tukifika kwa babu ulimi unarudi nyumbani wenyewe, tunasema guku. Neno hilo ndilo lililoleta yote.

Guku na bibi walihamia kwetu kutoka Zagayu macho ya guku yalipoanza kuingia ukungu. Bibi alikuja na masufuria yake. Guku alikuja na kigoda na tenga la kuku, na ndani ya tenga, katikati ya kuku, kulikuwa na kimbwa cha rangi ya udongo kimelala fofofo, jogoo amekikanyaga mgongoni.

"Baba, na huyu naye anataga?" mama akamuuliza.

"Huyu ni sungusungu," guku akasema. "Huyu ndiye mlinzi." Akapapasa hewani mpaka mkono wake ukanipata kichwani. "Limi, mbwa huyu ni wako. Mpe ugali, mpe maji."

Usione dogo hilo. Nyumbani kwetu kitanda nililala na mdogo wangu, sare yangu ilikuwa imevaliwa na dada kabla yangu, na hata jina langu nilichangia na kitu kingine: limi kwa Kisukuma ni jua. Mbwa ndiye alikuwa wangu peke yangu. Nikitoka shule alinisikia kabla sijafika kwa fundi baiskeli wa pale kona, akaja mbio na ule mkia wake uliopinda, akanigonga magotini. Mtu mwenye aibu akipokewa hivyo kila siku, anaanza kujiona na yeye ni mtu.

Halafu akaja Kabula.

Kabula ni mtoto wa shangazi, tumelingana. Alizaliwa Dar na kukulia huko huko, na Kisukuma alichokuwa nacho kiliishia kwenye jina lake. Jina lenyewe hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma. Mahindi yalikuwa yamejikunja majani, watu wa pamba walikuwa wanatazama mbingu kama wanaidai, na kila aliyepita kwetu alisema, "Jua hili litatumaliza." Nilikuwa darasa la nne. Sikujua kama nicheke au niombe radhi, maana nilihisi wanaongea juu yangu.

Siku Kabula aliposhuka kwenye basi na begi lake lenye matairi, jioni ile ile mvua ikanyesha. Bibi alitoka uani, akapiga vigelegele. "Kabula kaja na mvua yake! Jamani, mtoto kaja na mvua yake!" Majirani wakaja kumwangalia. Mmoja akamletea karanga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika begi lake. Niliamini kabisa kwamba ameileta kweli, labda ndani ya begi, kwa jinsi lilivyokuwa zito.

Kesho yake asubuhi Kabula alikwea juu ya meza alipomwona Sungusungu. Akapiga kelele mpaka guku akadhani kuna nyoka.

"Limi, mfunge huyo mbwa," mama akasema. "Mwenzako anaogopa. Kwao mbwa wanakaa ndani ya mageti."

Nikamfunga kwenye mpapai kwa kamba ya katani, mbwa wangu ambaye hakuwahi kufungwa maisha yake. Alinitazama, akatazama kamba, akanitazama tena. Kabula alikuwa dirishani anakula karanga zake.

"Umekaza?" akaniuliza.

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Mvua haikukatika tena baada ya hapo. Mwanzoni watu walishukuru, baadaye wakanyamaza, mwishowe wakaanza kusema imetosha. Nyumba yetu iko bondeni, chini ya mtaa wa Somanda, upande wa mto. Nakumbuka harufu ya siku zile: mkaa mbichi, nguo zisizokauka, na mbwa aliyelowa. Nilikuwa nikienda kukaa naye chini ya mpapai nimejifunika gunia, tunanuka pamoja. Ndani nilisikia Kabula anamwimbia guku nyimbo za Dar, anamwita babu, na guku anapiga makofi.

Maji yalikuja mchana. Baba alikuwa Maswa kwenye kazi yake ya jineri, kuchambua pamba, mama alikuwa sokoni. Hayakuja kwa kishindo kama nilivyokuwa nafikiri mafuriko yanavyokuja. Yalikuja kimya, ya rangi ya chai ya maziwa, yakapita chini ya ua wa michongoma yakiwa yamebeba ndala ya mtu, na nilipoiangalia ile ndala na kuinua macho, uwanja wote ulikuwa umeshakuwa maji.

Bibi alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni, amejitwika gunia la mahindi. Mimi nilikuwa kwenye mpapai, napambana na fundo. Katani ikilowa inavimba, na lile fundo nilikuwa nimelikaza mara mbili, mnajua kwa ajili ya nani. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hausikii unachofikiri. Bibi akageuka, akamwona Kabula amesimama karibu na mlango, mikono mitupu.

"Kabula! Mtoe guku!" akapiga kelele. "Wewe uliye karibu, mtoe guku! Haraka!"

"Sawa bibi!" Kabula akajibu, akakimbia.

Akaupita mlango. Nilimwona kwa macho yangu anaupita mlango ambao guku yuko ndani yake, amekaa kitandani, haoni, anangoja mkono wa mtu. Maji yakiwa magotini, akaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku.

Mimi fundo lilikuwa limeanza kulegea. Kidole kimoja kilikuwa kimeshaingia ndani yake. Nikamtazama Sungusungu, akanilamba mkono, nikauchomoa mkono wangu nikaenda kwa guku.

"Nani?" akauliza.

"Limi."

"Kabula yuko wapi? Nimesikia ametumwa kwangu."

"Amekwenda kwa kuku, guku."

Nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu mabega yalianza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Mzee amezungukwa na maji, anacheka. Akanishika mkono, kucha zake zikaniingia, tukatoka. Safari yenyewe sina la kuisimulia. Nilikuwa nasema "shimo hapa," "jiwe hapa," "inua mguu," naye anainua. Sikugeuka kuangalia mpapai. Niliogopa kugeuka.

Tulipanda mpaka kwenye shule iliyoko juu, ambako watu wa bondeni wote walikuwa wamekimbilia. Na pale getini, kabla yetu, alikuwa amefika Kabula. Hebu mwone: mtoto wa Dar, tenga zima la kuku kichwani, jogoo ametoa shingo juu kama taji, na mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo mbwa wangu. Fundo nililolilegeza lilikuwa limefunguka. Mbwa mwenyewe alikuwa amejivuta, akatoka, akamfuata, naye Kabula akaokota kamba. Watu walikuwa wanashangilia.

"Mtoto wa mjini kaokoa kuku!"

"Na mbwa!"

Bibi akafika, akatua gunia, akamwangalia. "Kabula, nilikutuma nini?"

"Kuku, bibi. Nimewatoa wote."

Geti zima likalipuka kwa kicheko. Watu waliopoteza magodoro na akiba ya mahindi walicheka mpaka wakashikana. "Guku, mwanangu! Guku, babu yako!" bibi alisema, machozi yanamtoka. Kabula naye alipoelewa akaziba mdomo, akacheka kuliko wote. Mimi nikaingia kwa nyuma na guku, tope kiunoni. Mtu mmoja akasema, "Ahaa, na mzee huyu hapa," wakarudi kucheka. Nimefikiria sana jambo hili. Aliyesikia vibaya ana hadithi ya kusimuliwa miaka yote. Aliyesikia vizuri hana hadithi yoyote.

Mwenyekiti wa mtaa alipita akitoa amri: watu ndani, kuku sawa wakae kwenye kona, mbwa nje. Guku akainua kichwa. "Na mimi mwenyekiti? Mimi niliyeshindwa na kuku, nikae wapi?" Wakacheka tena. Kuanzia siku ile Kabula akawa Mama Kuku. Watoto walimwimbia, "Mama Kuku, guku ametaga?" naye anajibu, "Bado, analalia!" Kuku walitaga kweli, mle mle kwenye tenga, na Kabula akawa anawapelekea mayai wajawazito na wagonjwa. Nilitaka kumchukia, lakini hata kumchukia kulikuwa kugumu, kwa sababu na mimi aliniletea yai. Nilimwambia sili mayai. Nikakaa na njaa yangu.

Lakini kilichonila roho ni mbwa. Kona ya Kabula na kuku wake ilikuwa karibu na mlango wa mbele. Kona yangu na guku ilikuwa karibu na mlango wa nyuma. Sungusungu alilala mlango wa mbele. Pua yake kwenye kizingiti, haswa pale sheria ya mwenyekiti ilipoishia, macho ndani kuelekea kwa Kabula. Nilikuwa nakatakata ugali wangu, naupeleka kwake. Anakula, ananilamba mkono mpaka kwenye kiwiko, anashukuru vizuri kabisa. Nikisema, "Twende huku, Sungu," anakuja. Anafika mlango wa nyuma, anazunguka, anakaa kidogo kama mgeni anayetaka kuaga, halafu anaondoka kurudi kule.

"Jamani, ananipenda huyu," Kabula akasema. Uoga wote ulikuwa umemwisha. Alikuwa anamkuna tumbo. "Mbwa anajua anayempenda, Limi. Mimi ndiye niliyemwokoa."

Maneno nilikuwa nayo: fundo nililegeza mimi, wewe ulitumwa kwa guku, nilimwacha mbwa kwa sababu yako. Nikasema, "Eeh." Mwanafunzi mmoja wa chuo akatokea na simu, akawapiga ile picha. Nilikuwa nimesimama karibu nao kabisa. Kwenye picha kuna kivuli sakafuni, hicho ni changu.

Siku jua lilipotoka, watu walikimbilia nje na nguo zao. Bibi alisimama barazani akafumba macho, akasema kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia, "Limi! Ee Mungu wangu, limi!"

Nikaruka. "Abee bibi!"

Akafumbua macho. "Sio wewe. Jua."

Kabula na mama walikuwa wamekwenda bombani. Tenga la kuku lilikuwa limetolewa likawekwa nyuma ya darasa, kwenye joto la ukuta. Sungusungu akainuka pale mlangoni, akajinyoosha, akazunguka jengo, akaenda kulala kando ya tenga. Nilimfuata nikakaa naye. Nikajiambia, anamngoja. Anakaa na vitu vyake mpaka arudi. Mfupa ulikuwa mbele ya macho yangu na mimi nikanusa kwingine. Wivu ukikushika unaona vizuri sana, ila kitu kimoja tu.

Maji yalipopungua tulirudi nyumbani. Kulikuwa na tope hadi kwenye rafu za vyombo, mpapai ulikuwa umelala, banda la kuku halipo. Kitu cha kwanza guku alichoagiza ni fito za banda jipya. Baba alipolijenga, shangazi akapiga simu: Kabula arudi, shule zinafunguliwa.

Asubuhi ya kuondoka bodaboda alikuwa anangoja kwenye njia. Kabula alimuaga kila mtu akilia, halafu akapiga magoti mbele ya kigoda cha guku.

"Guku, naomba Sungusungu awe wangu."

Nilikuwa nimeshika fagio. Nilingoja guku aseme, huyo nilishampa Limi. Hilo tu.

"Chukua," guku akasema.

Moyo wangu ulianguka, nausikia mpaka leo.

"Chukua," akarudia, "kama atakufuata."

Kabula akaruka juu. Akaita, "Sungu, Sungu, Sungu!" Naye, yule msaliti, akainuka na ule mkia wake uliopinda, akamfuata. Akapita mpapai ulioanguka, akapita ua. Mimi sikuweza kumwita. Ningemwita kwa sauti gani, mbele ya watu wote wale? Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa banda jipya, nikasimama pale na fagio langu.

Kivuli kikapita uwanjani. Kuku mama akatoa ule mlio wao mkali, vifaranga vikatawanyika. Mwewe.

Kule njiani Sungusungu aligeuka kama aliyeitwa kwa jina. Akaja mbio, masikio nyuma, tope linaruka. Nikatupa fagio, nikapiga magoti, nikafungua mikono yote miwili. Alikuwa anakuja kwangu. Mbele ya mama, mbele ya bibi, mbele ya Kabula kwenye pikipiki, mbwa wangu alikuwa anarudi kwangu.

Akanipita.

Aliupita mkono wangu wa kulia hata manyoya hayakunigusa, akafika kwenye vifaranga, akasimama juu yao, akabwekea mbingu mpaka mwewe akaona aibu akaenda zake. Halafu akajilaza kando ya banda, pua kwenye fito, macho ndani. Kama alivyokuwa akilala pale shuleni, hivyo hivyo kabisa.

"Amekwenda kwa nani?" guku akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

Mikono yangu bado ilikuwa imefunguka. "Kwa kuku, guku."

"Eeh. Nilimlaza nao tangu hajafumbua macho. Ndivyo tunavyomfundisha mbwa wa kulinda. Anadhani ni ndugu zake."

"Lakini ulisema ni wangu."

"Nilisema umpe ugali," guku akasema. "Kwamba atakupenda kuliko kuku, hilo sikulisema."

Bibi alicheka. Mimi nilikwenda kulia chooni, na nilipokuwa nalia nilijaribu kujua namlilia nani. Wiki zote zile nilikuwa nimemwonea wivu Kabula, kumbe nilitakiwa nimwonee kuku. Na nikawaonea, sina haja ya kuficha. Kuna kuku mmoja mwekundu ambaye alipochinjwa Krismasi nilikula kwa moyo wote. Kabula yeye aliuona mgongo wa mbwa tu, kutoka juu ya pikipiki. Mpaka leo anasimulia kwamba Sungu alishindwa kumuaga, uchungu ulimzidi, akakimbia. Watu wa Dar wanamwamini.

Jumapili guku ndiye aliyegundua. Aliniambia, "Limi, mkono," kama anavyosema kila akitaka kutoka nje, nami nikampa. Huwa anauminya kwanza. "Ndio huu," anasema, "sio ule wa kushikia kuku." Utani huo ameusema tangu nikiwa mdogo, na siku zote nilidhani ni utani tu. Akanipeleka yeye, asiyeona, mpaka bandani, akasema, "Leo hajanigunia nilipopita. Hebu mwangalie." Alikuwa amelala pua kwenye fito, kama kawaida yake.

Tulimzika nyuma ya banda. Nilichimba mwenyewe, baba akamalizia. Ndipo nikaingia jikoni, nikashika simu ya mama, nikakuta lile "wangu" la Kabula. Nikaandika, "Wako tangu lini?" Nikafuta. Nikaandika, "Unajua alikuwa anaangalia nini kwenye hiyo picha?" Mimi najua, nilikuwepo. Nje ya picha, mkono wa kushoto, kulikuwa na tenga. Nikafuta na hiyo.

Nilipotoka nje, kuku walikuwa wote juu ya kaburi. Udongo mbichi, bila shaka, una wadudu. Walikuwa wanachakura kwa bidii, wanaurusha nyuma, na mmoja alikuwa amejichimbia katikati kabisa, anaoga vumbi, mbawa zimetandazwa. Niliokota fimbo niwafukuze. Nikaishika kidogo. Halafu nikaiweka chini, nikawapiga picha.

Ni picha nzuri. Jua lilikuwa linazama, mbawa zinaonekana rangi ya kutu. Ningeiweka kwenye stetasi watu wangeuliza, wangecheka, na Kabula angeiomba, angeandika neno lake chini yake.

Sijamtumia, na sitamtumia. Hii ni yangu.